Usukani mzito kwenye mashua ndogo: kupunguza mvuto wa goshini hatua kwa hatua

Mashua ikienda kwa bisha, yaani kupanda kuelekea upepo unakotoka, huku mshika usukani ameikumbatia kana, ule mti wa kushikia usukani, kwa mikono miwili, wa kwanza kulaumiwa ni usukani. Fundi huitwa, ubao huongezwa upana, na chombo hurudi majini kikiwa kizito kuliko kilivyokuwa. Kosa kwa kawaida liko kwingine. Upepo unasukuma tanga nyuma mno ya mahali ambapo maji yanauzuia mwili wa chombo kwenda ubavu, kwa hiyo omo, yaani mbele ya chombo, inageukia goshini, yaani upande upepo unakotoka, na usukani unafanya kazi ya kuirudisha kila dakika. Usukani unaorudisha omo muda wote ni breki.

Mwongozo huu ni wa mashua ya mita 5 hadi 8 yenye tanga la pembetatu juu ya foromali (mti mrefu unaolibeba tanga), mkuku mrefu (uti wa chini wa chombo) na usukani uliotundikwa kwenye mti wa nyuma. Ngalawa na boti ndogo za plastiki zina sehemu yao karibu na mwisho. Fuata mpangilio uliopo hapa: kulala kwa chombo, mzigo, tanga, mahali pa tanga, halafu usukani. Hatua nne za mwanzo hazihitaji hata msumari mmoja.

Tenganisha matatizo matatu

Mvuto wa goshini ni pale ambapo kana lazima ishikwe upande wa goshini ili mashua iende moja kwa moja, na ukiiachia, omo inapanda upeponi. Ukigeuza tanga na kwenda upande wa pili, mvuto nao unahamia upande wa pili.

Kama kana inavuta kushoto kila wakati, tanga likiwa upande huu au ule, huo si mvuto wa goshini. Tafuta ubao wa usukani uliopinda, mkuku uliojipinda baada ya chombo kukalia mwamba, au mguu wa mashine ya nje ulioachwa ndani ya maji upande mmoja wa shetri, yaani nyuma ya chombo. Mguu wa mashine peke yake unatosha kuwachanganya watu msimu mzima. Uinue kabla ya jaribio lolote.

Tatizo la tatu ni kana nzito isiyokwenda mbali na katikati. Mashua inaenda sawa, kana iko karibu na mstari wa kati, lakini kuisogeza ni kazi. Hapo chombo kimelingana na kasoro iko kwenye bawaba, kwenye upana wa ubao, au kwenye kana fupi. Mwenye tatizo hili aende moja kwa moja kwenye sehemu ya usukani.

Pima kabla ya kugusa chochote

Funga kana katikati chombo kikiwa pwani. Hakikisha ubao wa usukani umenyooka na mkuku kwa kuuangalia kutoka nyuma, kisha chora kwa chaki mstari wa sifuri kwenye ubao ulio chini ya ncha ya kana. Pima urefu wa kana kutoka kwenye mhimili wa bawaba hadi ncha, halafu weka alama kila upande. Kana ya mita 1 ikisogea sm 9 ni digrii 5, sm 17 ni digrii 10, sm 26 ni digrii 15. Kwa kana ya mita 1.2, alama ni sm 10, 21 na 31.

Nenda ndani ya mwamba ambako maji yametulia, upepo ukiwa wa wastani, mawimbi yameanza kutoa vichwa vyeupe hapa na pale. Enda kwa bisha dakika kumi upande mmoja, kisha dakika kumi upande mwingine, halafu upepo ukiwa ubavuni. Kila mara mtu wa pili aandike ncha ya kana iko kwenye alama gani. Mizani ya kuning'iniza ya kupimia samaki ikifungwa kwenye ncha ya kana itakuonyesha pia uzito wa kuvuta. Tarakimu yenyewe haina maana kubwa, ila utaihitaji kwa kulinganisha baadaye.

Unachotaka ni digrii 3 hadi 5 upande wa goshini. Kiasi hicho ni kizuri, maana ubao wa usukani ukikaa hivyo unasaidia mkuku kuzuia chombo kuserereka kwenda demani, yaani upande upepo unakoelekea, na mshika usukani akiteleza au akianguka, mashua inapanda upeponi yenyewe, tanga linapepea na chombo kinasimama. Ukipita digrii 10 unalipa kwa mwendo. Ukipita 15 maji yanaanza kuachana na ubao: kana inalegea ghafla mkononi na mashua inapanda upeponi hata ukiivuta hadi mwisho.

Badilisha kitu kimoja tu kwa kila jaribio. Ukisogeza farumi (uzito wa kutuliza chombo) na foromali asubuhi moja hutajua kipi kimesaidia.

Chombo kilichonyooka ni nusu ya dawa

Mashua inapolala, mambo mawili hutokea pamoja. Tanga linaning'inia nje ya chombo upande wa demani, na nguvu yake ya kwenda mbele inavuta ikiwa huko nje wakati mwili unakokota maji huku ndani, hivyo omo inazungushwa kwenda goshini. Pili, ubavu uliozama una umbo la mviringo kuliko ule ulioinuka, na maji yanausukuma mwili uzunguke upande huohuo. Ndiyo maana mashua yenye kana nyepesi upepo ukiwa mdogo inageuka kuwa nzito mara tu inapolala, bila mtu kubadilisha kitu.

Anza kwa kufua ngama, maji yaliyokusanyika chini ndani ya chombo. Lita 40 za maji ni kilo 40, na maji hayakai ulipoyaweka. Yanakimbilia demani chombo kinapolala na kukilaza zaidi, kisha yanakimbilia omo kinaposhuka wimbi. Ukirudia jaribio baada ya kufua tu, bila kitu kingine, tofauti inaonekana kwenye alama za chaki.

Halafu weka watu goshini. Watu wawili wa kilo 65 waliokaa kwenye ukingo wa juu, badala ya katikati, wanafanya kazi kubwa kuliko mifuko kadhaa ya mchanga chini. Kwenye mashindano ya mashua kule Lamu mabaharia hutoka nje kabisa juu ya ubao unaopitishwa upande wa goshini. Kwa kazi ya kila siku huhitaji kufika huko, ila usiwaache abiria wajipange demani kwa sababu ndiko kwenye kivuli cha tanga.

Farumi ikae chini kabisa, juu ya mkuku, na ifungwe. Magunia ya mchanga yanayoteleza ni hatari kuliko kutokuwa na farumi.

Mzigo: omo isizame

Mkuku mrefu unazuia maji kwa urefu wake wote. Omo ikizama zaidi, sehemu inayozuia maji inasogea mbele na kuacha tanga nyuma yake, na mvuto unaongezeka. Hili ni kosa la kawaida kwenye mashua za uvuvi: sanduku la barafu, nanga, minyororo na nyavu zilizolowa vyote viko mbele ya mlingoti, na jioni chombo kinarudi na samaki juu ya hayo.

Weka chombo majini yaliyotulia na mzigo wake wa kawaida na watu wake, uangalie mstari wa maji. Omo ikiwa imeshuka kuliko mstari uliochorwa na fundi, sogeza kilo 50 nyuma kwa mita moja, uangalie tena. Rudia hadi chombo kikae sawa, au shetri ishuke sm 2 hadi 3 tu kuliko omo. Usiendelee zaidi ya hapo. Mashua yenye shetri bapa ikizamishwa nyuma inakokota maji, na utaona mapovu yanayochemka nyuma badala ya maji yanayofunga taratibu. Hapo umeondoa mzigo kwenye kana na kuuhamishia kwenye mwendo.

Upepo ukiwa nyuma au nyuma-ubavuni, sogeza watu nyuma zaidi. Wimbi linapoinua shetri na kuichomeka omo, mkuku wa mbele unashika maji kama nanga, usukani unakaribia kutoka nje ya maji, na mashua inazunguka ubavu kwa wimbi kabla hujavuta kana. Chombo kinaweza kujaa maji katika hali hii, hasa watu wakiwa wamekaa mbele.

Tanga: demani, goshi na kitambaa

Demani hapa ni kamba ya pembe ya nyuma ya tanga, na ikikazwa kupita kiasi ndiyo sababu inayorudi kila siku. Pembe ya nyuma ya tanga ikivutwa ndani, sehemu ya nyuma ya kitambaa inafunga na kusukuma shetri kwenda demani, kwa hiyo omo inapanda. Legeza demani kidogo kidogo hadi kitambaa kilicho karibu na foromali kianze kutetemeka, kisha kaza hadi mtetemeko uishe. Ishia hapo. Upepo ukivuma kwa ghafla, legeza demani kabla ya kuvuta kana. Mwenye kuvuta kana kwanza anapigana na tanga lake mwenyewe.

Goshi, kamba ya pembe ya mbele, ni kinyume chake: ikaze. Kamba ya goshi ikilegea, mguu wa mbele wa foromali unayumba kwenda demani, tumbo la tanga linaongezeka na kusogea nyuma. Kaza chombo kikiwa kimetulia, kwa sababu kukaza tanga likiwa limejaa upepo kunararua mshono wa pembe.

Kitambaa chenyewe kinataka kuangaliwa kwa jicho kali. Lala chali katikati ya chombo, uangalie tanga lililojaa kutoka chini. Sehemu yenye tumbo kubwa inapaswa kuwa takribani kwenye theluthi moja hadi sehemu mbili kati ya tano za upana, ukipima kutoka foromali. Kina cha tumbo kwa upepo wa wastani kiwe kama sehemu moja ya kumi ya upana huo: upana wa mita 3, tumbo la sm 30. Tanga lililochakaa hulegea katikati na nyuma, na tumbo likipita nusu ya upana hakuna usukani utakaolishinda.

Tiba ya kwanza ni kulifunga upya kwenye foromali. Lishushe, fungua nyuzi zote, funga pembe ya mbele, kisha vuta pembe ya juu kwa nguvu za mtu mmoja mzima hadi mikunjo midogo ionekane sambamba na foromali. Funga nyuzi kila sm 20 hadi 25, zote kwa mkazo ule ule. Mikunjo hiyo itapotea tanga likijaa, na tumbo litakuwa limesogea mbele. Ukiona mikunjo inabaki upepo ukiwa mzuri, umekaza mno.

Tiba ya pili ni mshona matanga. Ukingo wa nyuma uliojikunja kuingia ndani unasababishwa na dasi (kamba iliyoshonwa kwenye ukingo wa tanga) iliyosinyaa ilhali kitambaa kimetanuka. Fungua dasi ya ukingo huo, iache itulie, ishonwe upya bila kuivuta. Kwa tanga lililotanuka sana, mshono mmoja katikati unaopunguza sm 3 hadi 4 katika tumbo na kuishia sifuri kwenye kingo hurudisha umbo. Ni kazi ya nusu siku, na huongeza maisha ya tanga kwa msimu au zaidi.

Na katika kusi kali, punguza tanga. Mwenye tanga dogo alipandishe. Tanga kubwa linaloilaza mashua halikufikishi mapema, kwa sababu kila kilichoelezwa kuhusu kulala kinafanya kazi dhidi yako.

Kusogeza tanga zima mbele

Ukifika hapa na alama bado inaonyesha zaidi ya digrii 7 au 8, chombo chenyewe hakijalingana na tanga. Kuna njia mbili za kulisogeza, na ya kwanza ni rahisi.

Njia ya kwanza ni kuhamisha mahali foromali inapofungwa kwenye henza, kamba ya kupandishia tanga. Ukihamisha fundo sm 10 kuelekea ncha ya juu, foromali nzima inateremka mbele sm 10 kwa mlalo wake. Ikiwa imelala digrii 45, tanga linasogea mbele kama sm 7. Weka alama ya rangi mahali pa zamani, hamisha sm 10, jaribu. Endelea kwa hatua hizo hadi kana ikae kati ya digrii 3 na 5.

Mambo mawili yataharibika ukifanya haraka. Mguu wa foromali utatokeza mbele zaidi, kwa hiyo goshi nayo inahitaji kufungiwa mbele. Kama omo haina nafasi tena, funga dasturi, ule mti mfupi unaotokeza mbele, na uwe na kamba ya kuuvuta chini ili usiinuliwe. Pia upande wa mguu wa foromali unapata uzito zaidi kuliko upande wa ncha ya juu, na foromali inaweza kutaka kusimama kuliko ulivyozoea. Angalia hasa unapogeuza tanga, kwa sababu ndipo mguu wa foromali hupita karibu na watu walioko omo.

Njia ya pili ni kuinamisha mlingoti mbele zaidi. Mlingoti unakaa kwenye kiota chake juu ya mkuku na kushikwa na kabari pale unapopita kwenye boriti. Ikiwa boriti iko nusu mita juu ya kiota na mlingoti una mita 5, kila sm 1 unayoihamisha kwenye boriti inasogeza kichwa cha mlingoti sm 10. Kwa sababu foromali inaning'inia kichwani, sehemu kubwa ya hizo sm 10 inakwenda kwa tanga. Ndiyo maana kabari zihamishwe kidogo sana: nusu sentimita, kisha majini.

Fanya kazi hii tanga likiwa chini na kamba za mlingoti zimelegezwa. Gonga kabari ya mbele itoke, ongeza unene ule ule nyuma, kaza zote zikiwa kavu, halafu kaza kamba. Kagua mguu wa mlingoti ndani ya kiota. Ukikanyaga kwa ukingo mmoja tu, kiota kitapasuka, kwa hiyo uchongwe kwa patasi hadi ukae kwa uso wote. Boriti yenye ufa isiguswe kabla ya kubadilishwa.

Mwenye boti yenye mlingoti unaoinamia nyuma afanye vivyo hivyo: ausimamishe wima.

Usukani wenyewe

Bawaba kwanza. Shika ubao kwa chini, utikise kushoto na kulia. Ukisikia kugonga, pini zimelika. Pini ya mm 12 ndani ya pete iliyopanuka hadi mm 15 inaacha nafasi ya mm 3, na nafasi hiyo hugeuka kuwa kutetemeka, kugonga usiku kucha kwenye nanga, na hatimaye skurubu kung'oka. Badilisha pini, au weka kikombe cha nailoni ndani ya pete. Chuma cha mabati kikutane na chuma cha mabati. Ukichanganya na chuma cha pua ndani ya maji ya chumvi, mabati ndiyo yataliwa.

Pete zote lazima ziwe kwenye mstari mmoja. Pitisha nondo moja iliyonyooka kwenye pete zote kwa pamoja. Ikikwama kwenye moja, hiyo ndiyo inayofanya kana iwe ngumu. Ifungue, weka kipande chembamba cha mbao au plastiki chini yake hadi nondo ipite bila kulazimishwa, kisha kaza boliti. Paka grisi. Juu ya pini ya juu weka kizuizi ili ubao usiinuke na kuchomoka mkuku ukigusa mchanga, na ufunge usukani kwa kamba kwenye shetri kwa usalama.

Kana isicheze ndani ya tundu lake. Kabari ndogo ya mbao ngumu inatosha. Kama mkono unachoka, refusha kana: kutoka sm 80 hadi 120, nguvu ya mkono inapungua kwa theluthi moja. Lakini angalia alama za chaki, maana usukani bado unakokota maji kwa kiasi kilekile. Umepumzisha mkono tu.

Sasa suala la ukubwa. Ukipanua ubao wa sm 40 ukawa sm 50, eneo linaongezeka kwa robo, lakini nguvu nayo inakaa mbali zaidi na bawaba kwa robo. Ukizidisha, uzito kwenye kana unapanda kwa karibu asilimia 56. Ukirefusha ubao kwenda chini kutoka sm 80 hadi 100, eneo linaongezeka kwa robo ileile na kana inapanda kwa asilimia 25 tu. Kwa hiyo ongeza kina, si upana, mradi ncha ya chini ibaki sm 3 hadi 5 juu ya mstari wa chini wa mkuku. Ikishuka chini ya mkuku, mara ya kwanza chombo kikikalia mchanga maji yakipwa, bawaba zitabeba uzito wote.

Umbo ni muhimu kuliko ukubwa. Ubao wa mraba wa mm 50 uliokatwa kwa msumeno na kuachwa hivyo unavuruga maji pande zote mbili na maji yanaachana nao mapema. Kwa usukani ulio nyuma ya mkuku:

1. Ukingo wa mbele ufanane unene na mti wa nyuma, uwe wa mviringo, na pengo kati yao liwe mm 3 hadi 5. Pengo kubwa linapitisha maji kutoka upande wa nguvu kwenda upande wa pili.
2. Kuanzia theluthi ya kwanza ya upana, punguza kwa randa taratibu pande zote mbili kwa usawa hadi ukingo wa nyuma ubaki mm 5 hadi 8.
3. Ukingo wa nyuma ukatwe mraba, pembe zake ziwe kali. Ukiuviringisha, usukani utavuma na kutetemeka mwendo ukiongezeka.
4. Piga msasa, paka rangi, na kila chombo kinapopandishwa ondoa magamba na mwani. Kagua matundu ya wadudu wa baharini, hasa kwenye ncha ya chini ambako mbao imekatwa mkato.

Mvule na msaji huchonga vizuri na kustahimili maji. Mbao mbili zilizounganishwa kwa boliti zipangwe nyuzi zake zikielekea pande tofauti, la sivyo ubao mzima utapinda upande mmoja kwenye jua.

Boti ndogo za plastiki na ngalawa

Kwenye boti ndogo za mchezo zenye ubao wa usukani unaoinuka, angalia jambo moja kabla ya yote: je, ubao umeshuka hadi mwisho? Ukiinama nyuma hata kidogo, eneo lake lote linakwenda mbali na bawaba na kana inakuwa nzito ghafla. Watu wanahangaika na tanga wakati kamba ya kushushia ubao imelegea. Vilevile, boti zenye ubao wa kati unaoweza kulazwa nyuma, uinue ubao huo robo hivi. Sehemu inayozuia maji inasogea nyuma na mvuto unapungua. Utaserereka kidogo zaidi kwenda demani, na kwa kawaida inafaa.

Usukani wa aina hii hauna mkuku mbele yake, hivyo unahitaji umbo kamili. NACA 0012, umbo lililochapishwa Marekani miaka ya 1930, linafaa na ni rahisi kuchonga kwa kiolezo cha plaiwudi. Kwa ubao wa upana wa mm 300, unene ukipimwa kutoka ukingo wa mbele uwe: kwenye mm 15, unene 21, mm 30, unene 28, mm 60, unene 34, mm 90, unene 36, mm 120, unene 35, mm 150, unene 32, mm 180, unene 27, mm 210, unene 22, mm 240, unene 16, mm 270, unene 9, mwisho mm 3. Mbele kuwe kwa mviringo mpana, si kama kisu. Ukingo wa mbele uliochongoka huachana na maji kwa pembe ndogo, ingawa unaonekana wa mwendo kasi.

Ngalawa hailali sana kwa sababu ya ndubi, yale magogo ya pembeni, na ndubi ya demani ikizama inakokota maji na kuirudisha omo demani, hivyo mvuto wake ni mdogo kuliko wa mashua. Ukiwa mkubwa, pima umbali kutoka mtumbwi hadi ndubi, mbele na nyuma, pande zote mbili. Umbali wa mbele na wa nyuma ulingane. Ndubi iliyofungwa kwa kukengeuka inaongoza chombo yenyewe, na kamba zilizolegea baada ya mvua na jua ndizo chanzo. Fungua, panga, funga upya.

Ukipitiliza

Ukisogeza tanga mbele kupita kiasi, kana itahamia demani: ukiiachia, omo inashuka na kuupa upepo mgongo, na tanga linaweza kugeuka lenyewe na foromali kufagia watu. Hali hii ni mbaya kuliko uliyoanza nayo. Dalili yake ya mapema ni kana isiyo na uzito wowote upepo ukiwa mdogo. Rudisha fundo la foromali sm 5 kuelekea mguu wake na ujaribu tena upepo mdogo, kisha wa wastani.

Mkao unaofaa wakati wa kaskazi na mzigo mwepesi hautafaa kusi ikivuma na sanduku likiwa limejaa barafu. Weka alama mbili za rangi kwenye foromali, moja kwa kila hali, ili baharia yeyote anayefunga henza alfajiri ajue fundo linakaa wapi.